Zaina Alisema Mara Tatu

Iko siku moja ambayo kila nikiikumbuka, mwanangu, chai hunipoa mkononi. Haikuwa siku kubwa. Hakufa mtu, na redioni hawakutangaza lolote. Ilikuwa Jumanne ya kawaida huku Kibugu, ukungu umeteremka kutoka msituni ukalala juu ya mashamba ya chai, nami nilikuwa mwalimu wa miaka ishirini na sita, mwenye viatu vipya na kalamu nyekundu. Nakusimulia kwa sababu umeniomba daftari langu la zamani la kuchambua tamthilia, ukafundishie huko unakokwenda kuanza kazi. Daftari ninalo. Lakini keti kwanza. Magoti yangu hayataki kusimama, na mambo haya siwezi kuyasema nikiwa mbiombio.

Nimefundisha fasihi miaka thelathini na mitatu. Nimesahihisha insha mpaka macho yakaomba miwani. Na katika miaka hiyo yote hakuna neno lililonichosha kama neno dosari. Kila mwanamke anayeangamia jukwaani, swali la kwanza tunalouliza ni hilo: dosari yake ilikuwa nini? Hata wewe jana ulinisomea swali lile la chuoni kwenu Embu, na nilipolisikia nilicheka, ukadhani nakucheka wewe. Nilijicheka mwenyewe. Lilikuwa swali langu, limebadilishwa jina tu.

Mwaka ule tulikuwa tukisoma tamthilia ya mwanamke aitwaye Zaina. Nikueleze kwa ufupi. Zaina ameolewa na mwenye duka, mtu anayeheshimika sana, anayeketi benchi la mbele kanisani. Nyumbani mtu huyo humpiga. Katika tendo la kwanza Zaina anakimbilia kwao, anamweleza baba yake mbele ya wajomba, na wajomba wanamrudisha kwa mumewe pamoja na mbuzi wa kuomba radhi. Katika tendo la pili anawaeleza wanawake wa kanisa wakiosha vyombo vya harusi, wanamwambia aombe. Baadaye anamweleza jirani kwenye bomba la maji, na jirani anabeba mtungi wake anaenda zake. Katika tendo la mwisho Zaina hasemi tena. Anapika, anafagia, anamjibu mumewe ndiyo, ndiyo. Pazia linapofungwa anatolewa ndani amefunikwa shuka.

Sasa nami nilikuwa na mwongozo, kijitabu chembamba chenye majibu. Mwongozo ulisema Zaina aliangamizwa na ukimya wake, woga wake, na kuchelewa kuchukua hatua. Hoja tano, alama ishirini. Niliuamini mwongozo ule kuliko nilivyoamini macho yangu. Unajua mwalimu mpya alivyo: hana hofu ya kukosea, hofu yake ni kutofautiana na mtihani. Niliandika ubaoni kwa herufi kubwa: "Zaina alijiletea maangamizi yake mwenyewe. Thibitisha." Nikawapa wasichana wa kidato cha tatu wiki nzima.

Darasani humo alikuwamo msichana aitwaye Wawira. Baba yake na mama yake walikuwa wameaga dunia, na alilelewa na mdogo wa baba yake, mtu mwenye sauti ya upole aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi pale shuleni. Wawira alikaa karibu na dirisha. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Vidole vyake vilikuwa na ule weusi wa utomvu wa chai usiotoka hata kwa sabuni, na alikuwa akichelewa sana asubuhi. Nilimwadhibu kwa kuchelewa huko. Nilimwambia afyeke nyasi, naye akafyeka.

Siku moja alipomaliza kufyeka alikuja kurudisha panga, sketi yake imelowa umande mpaka kiunoni.

"Mwalimu," akasema, "mimi ndio huchuma chai mbele ya kukuja shule. Lazima kikapu kijae ndio niachiliwe."

Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Wawira, nani hapa hachumi chai?"

Ona basi, mwanangu. Jibu lile lingeweza kutoka mdomoni mwa mtu wa kwetu tu. Mgeni kutoka mbali angeuliza, kikapu gani, saa ngapi, nani anakuachilia? Mimi nilizaliwa chini ya kikapu. Nilichuma nikiwa na miaka saba. Kwetu kuchuma chai si habari, kwa hivyo msichana akikuambia jambo na ndani yake mna chai, unasikia chai tu, mengine hayakufikii. Hata lile neno "niachiliwe" lilinipita. Alikuwa anachuma majani ya marehemu baba yake, shamba ambalo lingekuwa lake, na alihitaji ruhusa ya kutoka humo. Sikulisikia. Nilisikia mtoto mvivu wa kuamka.

Wiki chache baadaye akanifuata tena mlangoni mwa chumba cha walimu. Alizunguka kwanza, akaniuliza habari za insha, akauliza kama kurasa mbili zinatosha. Halafu akasema kuna mzee mwenye lori anakuja nyumbani kila Jumapili, na kila akija yeye huambiwa avae vizuri, apeleke soda sebuleni na akae.

"Baba mdogo anataka niende kwa huyo mzee," akasema. "Nikishaenda, nani atauliza mambo ya shamba la baba?"

Walimu wenzangu walikuwa nyuma yangu wakinywa chai ya saa nne, na mandazi yalikuwa yanaisha. Nataka kukuambia ukweli mtupu: nilikuwa nafikiria mandazi. Nikampigapiga begani, nikamwambia, "Wewe soma kwa bidii, wageni huja na kuondoka." Nikajiona nimempa moyo.

Kisha insha zikaja. Wote walithibitisha kama nilivyotaka. Ukimya, woga, kuchelewa. Nilikuwa natia alama ya vema kwa raha, mpaka nikafika kwa Wawira. Yeye hakuthibitisha kitu. Aliandika kurasa mbili tu, nami ninazikumbuka vizuri kuliko vitabu vingi nilivyosoma tangu hapo. Aliandika kwamba Zaina si mkimya, kwa sababu alisema mara tatu. Akaonyesha kila mahali aliposema, na akafanya jambo ambalo mwongozo haukulifanya: alitazama maelezo yale ya mwandishi yaliyo kwenye mabano, ambayo wasomaji huyaruka, yanayosema nani yuko jukwaani. Akaandika kwamba mara ya kwanza walikuwapo baba na wajomba wawili. Mara ya pili wanawake wanne. Mara ya tatu jirani. "Watu wanane walisikia," aliandika. "Mimi naona mwalimu angeuliza dosari ya hao wanane."

Mwanangu, hebu niambie wewe uliyesoma chuo: umewahi kuona uchambuzi safi kama huo? Tamthilia si hadithi ya kusimuliwa. Ni watu waliosimama pamoja mahali pamoja, na anayenyamaza naye anafanya kitendo. Msichana wa miaka kumi na saba, mwenye vidole vyeusi, aliliona hilo. Mimi mwenye cheti niliandika sifuri kwa kalamu nyekundu, na chini yake nikaandika "Nje ya swali." Tena sikuishia hapo. Niliisoma darasani kwa sauti ya mzaha ili wengine wajue namna ya kutojibu swali. Wakacheka. Wawira alitazama nje dirishani, kule kwenye mashamba. Naona haya kulisema, lakini nimezeeka sasa na sina tena nguvu za kuficha.

Jumatatu iliyofuata hakuja shuleni. Nami sikuuliza.

Jumanne, ile niliyoanza nayo, akaja mwanamke mzee, mama ya mama yake Wawira. Alikuwa ametoka Kiambere, kule chini kwenye joto, upande wa bwawa, na baridi yetu ilikuwa imemkamata; amejifunga shuka mbili na bado anatetemeka. Alikuwa amesikia maneno maneno kuhusu mjukuu wake, akapanda magari mawili kuja kuona. Shuleni akaambiwa Wawira hayupo. Akaomba vitabu vyake. Mimi ndiye niliyekwenda kuvitoa kwenye dawati.

Tulikaa kwenye benchi nje ya darasa. Alivipitisha vitabu mkononi kimoja kimoja, kisha akakifungua kile cha insha. Hakujua kusoma, lakini wekundu aliuona.

"Hapa ameandika nini?" akaniuliza kwa Kiembu.

"Ni insha, cucu. Ni mambo ya kitabu."

"Nisomee."

Nilimsomea. Sikuweza kukataa, alikuwa wa rika la nyanya yangu, ndiyo maana nilimwita cucu. Nilikuwa natafsiri sentensi moja moja, na mara hii hapakuwa na mtu wa kuchekesha. Nikafika kwenye watu wanane, nikaendelea. Cucu akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu.

"Huyu Zaina alikuwa na kosa gani?"

Nikafungua mdomo nimpe hoja zangu tano.

Akauliza tena, taratibu, "Na huyu wangu, alikuambia?"

"Aliniambia," nikasema.

"Mara ngapi?"

Hapo ndipo nilipohesabu. Panga, mlango wa chumba cha walimu, insha. Nikamwambia, "Mara tatu, cucu." Hakunikaripia. Alifunga vitabu kwa kitambaa, akasimama, akasema, "Basi nipeleke."

Tulishuka kwa njia ya mashamba hadi nyumbani kwa yule baba mdogo. Njia nzima nilikuwa najipanga. Nilisema moyoni, leo nitasema yote, na liwalo na liwe. Tulikaribishwa vizuri mno. Sebule ilikuwa na vitambaa vyeupe kwenye viti, na mzee mmoja wa kanisa alikuwa pale kwa mambo yake. Tukaletewa chai na viazi vikuu. Hakuna mahali chai hukosekana huku kwetu, hata penye dhambi.

"Mama, umesafiri bure," akasema mwenye nyumba kwa ule upole wake. "Wawira ameenda. Ameenda jana. Hakuna mtu amemlazimisha, amekubali mwenyewe. Hata neno moja hakusema."

Nilisikia mwongozo wangu ukisomwa na mtu ambaye hajawahi kuuona. Ukimya wake. Kukosa msimamo. Ilikuwa hoja ile ile, imevaa suti.

Cucu akaweka kikombe chini, akanigeukia. "Mwalimu, huyu anasema mtoto hakusema. Alisema au hakusema?"

Wote wakanitazama. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi alinitazama bila hasira, anatabasamu kidogo. Nilikuwa bado sijathibitishwa kazini. Barua yangu ingepitia mikononi mwake. Nikawaza mama yangu anayenitegemea, nikawaza maneno yatakayosemwa, nikawaza kwamba hata hivyo msichana ameshakwenda, nitasaidia nini sasa? Yote hayo yalipita kichwani kwa muda wa kumeza funda moja la chai.

Nikasema, "Mimi mambo ya nyumbani siyajui."

Ndivyo nilivyosema, mwanangu. Maneno matano. Mzee wa kanisa akaitikia kwa kichwa kuonyesha nimejibu kwa busara. Cucu akainuka. Tulipotoka, alikataa nimbebee kitambaa cha vitabu. Tulipofika barabarani akaniambia, "Mimi nilikuwa mbali. Wewe ulikuwa hapa." Akapanda gari, akaenda. Karipio refu lingekuwa rahisi zaidi, kwa sababu mtu akikukaripia sana huweza kumkasirikia, ukapata nafuu.

Nilithibitishwa kazini. Nilipata hata barua ya pongezi. Wawira hakurudi shuleni, na majani ya chai ya baba yake yanachumwa na wengine mpaka leo; nikipita pale nayaona.

Ilinichukua miaka minne kupiga moyo konde na kwenda Kiambere. Nilikuwa nimesikia kwamba ameondoka kwa yule mzee wa lori na kurudi kwa nyanya yake, akiwa na mtoto mmoja. Nilimkuta anapeta pojo uani, jua linachoma kweli kweli. Alinitambua mara moja. Alinitolea kigoda, akaniletea maji, akaniuliza habari za shule na kama bado tunafundisha kitabu kile. Cucu alikuwa ndani amelala. Alikuwa mgonjwa, na hakuamka kunisalimu, nami sikuomba aamshwe.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba ndefu. Nikasema tu, "Wawira, nimekuja kuomba msamaha. Kwa ile sifuri. Na kwa kukucheka."

"Ile sifuri si kitu, mwalimu," akasema. Aliendelea kupeta, makapi yanaruka. "Siku mlikuja na cucu nyumbani, mimi nilikuwa jikoni."

Sikuelewa. Nikamwambia baba yake mdogo alisema ameshakwenda.

"Alidanganya. Nilipelekwa kesho yake. Nilikuwa jikoni, mke wake amekaa kwa mlango. Jikoni ni pale tu, nilikuwa nasikia yote. Nikajiambia, mwalimu akisema neno moja tu, natoka. Namsukuma huyu mama natoka." Akatua ungo. "Nikangoja. Nikasikia vile ulisema."

Hakulia. Wala hakuniambia kwa kunikomoa. Alisema vile mtu anavyokueleza njia ya kufika mahali. Halafu mtoto wake akaamka, akaenda kumchukua. Nilikaa kwenye kigoda kile mpaka jua likageuka. Sijui niliagaje, sijui nilifikaje barabarani. Najua tu kwamba tangu siku hiyo nimebeba jambo hili, na sijapata wa kunitua, na silalamiki. Ni langu.

Sasa nikuambie kile ninachotaka uende nacho, kwa sababu nimechoka na wewe una safari.

Ukifika darasani na mwanamke wa namna ya Zaina, usianze na dosari yake. Dosari anazo, nani hana? Anza na maelezo yaliyo kwenye mabano. Waulize wanafunzi: hapa nani yuko jukwaani? Nani amesikia? Alifanya nini baada ya kusikia? Kisha waulize nani yuko nyuma ya pazia, ambaye hatumwoni, anayengoja neno moja ili atoke. Mtihani ukitaka hoja tano, wape hoja tano, usiwanyime watoto alama zao kwa ajili ya machungu yangu. Lakini wajue kwamba mtu aliyenyamaza mwishoni huenda alisema mwanzoni. Na mwanafunzi akikujibu nje ya swali, msome mara ya pili kabla ya kushika kalamu nyekundu. Huenda swali ndilo lililokuwa nje yake.

Na ukiwa si darasani, ukiwa mtu tu, sikiliza hata mambo ya kawaida. Hatari ya kukaa mahali ulipozaliwa ni kwamba hakuna kinachokushtua. Kila mtu anachuma, kila mtu amelowa, kila nyumba ina mgeni wa Jumapili. Uliza tu: nani anakuachilia? Na siku utakapoulizwa mbele ya watu kama ulisikia, sema ulisikia. Utatetemeka. Tetemeka huku ukisema. Usijidanganye kwamba umechelewa na neno lako halitasaidia, kwa sababu wewe hujui nani yuko jikoni.

Chukua daftari. Kurasa nilimonakili mwongozo nimezichana, utaona mahali zilipokuwa.

Njoo karibu nikubariki. Wazee wetu walikuwa wakimtemea mtoto mate kifuani, lakini nyinyi wa siku hizi mnaogopa magonjwa, basi nitakushika mikono. Mungu akupe masikio mazuri. Akupe kazi, na akupe ujasiri wa kutoiogopa kazi hiyo kupita kiasi. Watoto wako wa darasani wakue wote mbele ya macho yako. Na ikiwa iko siku utasema wewe, mwanangu, na watu wamekaa wanakunywa chai, Mungu amwinue mmoja wao aseme, "Mimi nilimsikia."

Nenda salama.